Matundu Mawili na Kisanduku Kimoja: Uchambuzi wa Forester ya Turbo Mjini Tanga

Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ205 ya lita 2 yenye turbo, gia za mkono. Lilivutwa kwa kamba kutoka Kange hadi gereji tunayofanyia kazi hapa Ngamiani, likiwa limeshahukumiwa: injini imekwisha, mwenyewe aende Dar es Salaam, Gerezani, akatafute ya mtumba. Fedha alishaanza kuichanga. Kwetu alitaka kujua bei tu, ya kushusha injini moja na kupandisha nyingine.

Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu injini ile haikuwa imekufa. Na kwa sababu ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza: kama tungeziba matundu tuliyoyakuta na kumkabidhi ufunguo siku hiyo hiyo, tungeiua sisi.

Kwanza hali ya gari. Forester hii ilitoka Japani na nguvu farasi 220 za kiwandani, lakini imepita mikono kadhaa na kila mkono umeacha alama. Turbo imebadilishwa, imewekwa ya aina ya VF inayotoka kwenye Impreza WRX STI. Intakula, kipozeo cha hewa ya turbo kinachokaa juu ya injini, nayo ni ya STI, kubwa kuliko ya Forester. Masega ya eksozi, yale ya kusafisha moshi, yametolewa, bomba ni pana tangu kwenye turbo hadi nyuma. Filta ya hewa ni ya wazi. Vali ya kutoa pumzi, ile wanayoipenda vijana kwa sauti ya chafya kila gia inapobadilishwa, si ya kiwandani: ya kiwandani hurudisha hewa kwenye mpira wa kuingilia turbo, hii inaitema nje. Kwenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye aktueta ya turbo, kile kifaa kinachozuia presha isizidi, kumefungwa kidhibiti presha cha mkono, skrubu ya shaba isiyozidi kidole. Themostati haipo. Nozeli, zinazomwaga petroli, ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani.

Karatasi inayosema nani alifanya nini na lini, hakuna. Mwenyewe alilinunua likiwa hivyo, akaongeza vali ya chafya na akawa anakaza skrubu kila alipoona geji ya presha imeshuka.

Malalamiko yake yalikuwa hivi. Sailensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta, inapanda na kushuka, asubuhi gari linataka kuzima. Ukikanyaga mafuta barabara ya Segera, moshi mweusi nyuma na nguvu hakuna. Ukiachia mafuta ili ubadili gia, linamisi na kupiga mlio kwenye eksozi. Linakula petroli kupita kiasi. Mara moja moja, likiwa kwenye mwendo, linakata ghafla mithili ya mtu aliyezima swichi, kisha linarudi. Jambo moja alilitaja kama sifa: "Ila oili fundi, hainywi hata tone. Wakati mwingine naona kama imezidi." Hilo ndilo lililonishtua kuliko moshi.

Kabla ya kufika kwetu gari lilishabadilishiwa plagi, koili, pampu ya mafuta na sensa ya oksijeni, nozeli zikasafishwa, throto (mlango wa hewa ya injini) ikasafishwa. Ukiitazama orodha hiyo unaona mantiki yake. Sailensa mbaya, safisha throto. Moshi mweusi, shughulika na nozeli. Kumisi, badili koili. Kila dalili ilipewa dawa yake, na vyote vilipoisha bila nafuu, ikabaki kuilaumu injini.

Tukaanza na plagi. Kwenye injini ya Subaru silinda zimelala, mbili kila upande, na kuzifikia plagi ni kazi ya kukwaruza vidole kwenye chesisi, kwa hiyo mafundi wengi hutoa moja ya mbele wakairidhia. Tulizitoa zote nne na kuzipanga mezani kwa namba. Zote zilikuwa na masizi makavu meusi, kwa kiwango kile kile. Nozeli moja ikivuja, au koili moja ikifa, plagi moja ingetofautiana na wenzake. Zikichafuka nne kwa usawa, kosa liko mahali zinaposhirikiana zote: kwenye hewa, kwenye presha ya mafuta, au kwenye hesabu ya kompyuta. Tulipofuta masizi na kuangalia kauri ya ndani kwa lenzi, plagi mbili zilikuwa na chembe ndogo ndogo za kung'aa, laini kama unga wa pilipili manga. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Hutoka pale sehemu ya mchanganyiko inapolipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio. Kwa hiyo mbali na mafuta kuwa mengi, kuna wakati injini hii iligonga. Nikaliandika pembeni, kwa sababu halikulingana na kitu kingine chochote tulichokuwa tunakiona. Mchanganyiko wenye petroli nyingi kwa kawaida hupoza silinda.

Kompresheni (presha inayojengwa ndani ya silinda) ya silinda zote nne ilikuwa imekaribiana, tofauti ya psi 5 tu baina ya ya juu na ya chini. Hapo hukumu ya kwanza ikafutika. Tukamwaga oili: nyepesi, nyeusi, inanuka petroli waziwazi. Kumbe ndiyo maana "ilikuwa inazidi". Petroli isiyoungua inapita kwenye ringi na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), stiki inaonyesha juu, na mwenye gari anafurahi. Themostati kutolewa kuliongezea: themostati ya injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi joto 76 na 80, na isipokuwepo, injini kwenye mwendo mwepesi haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta. Tabia ya kutoa themostati kwa kuwa Tanga kuna joto sijawahi kuielewa. Joto la nje ni kazi ya rejeta na feni, na hizo zilikuwa nzima.

Filta ya oili tuliikata kwa msumeno, tukaukunjua mkunjo wa karatasi juani na kuugeuza huku na huku. Hakuna chuma wala shaba. Beringi za konrodi, basi, zilikuwa bado hazijaanza kuliwa. Shafti ya turbo ilikuwa na mchezo kidogo wa pembeni, ambao ni wa kawaida, na wa mbele-nyuma haukuwepo. Tukaweka oili mpya, tukawasha.

Sasa ushahidi wa kompyuta. Kwenye sailensa ilikuwa inaongeza mafuta kwa asilimia 17 juu ya hesabu yake, maana yake sensa ya oksijeni inalia kwamba petroli ni ndogo. Tukafunga kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta kwenye eksozi. Tundu la kukipachikia lilikuwepo tayari, limezibwa kwa bolti, na hilo nalo nikaliandika pembeni. Tukaendesha kidogo kuelekea Pongwe. Presha ya turbo ilipopanda, uwiano ukashuka hadi 10.0. Kwa petroli, uwiano wa kuungua kikamilifu ni 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, na injini ya turbo chini ya mzigo huhitaji petroli zaidi ya hapo, kwenye 11 hivi. Kumi kamili ni petroli inayotupwa.

Gari moja, basi, linakosa mafuta likiwa limesimama na linazidiwa mafuta likikimbia. Waliotangulia walizitibu kama magonjwa mawili. Lakini mfumo huu unahesabu hewa mlangoni. Sensa iliyo baada ya filta inapima hewa yote inayoingia, na kompyuta inamwaga petroli kulingana na hesabu hiyo. Masharti yake ni mawili tu: hewa iliyohesabiwa yote iingie kwenye silinda, na isiingie hewa ambayo haikuhesabiwa. Kukiwa na tundu baada ya sensa, injini ikiwa sailensa inavuta hewa ya wizi kupitia hapo, mafuta yanaonekana haba. Turbo ikisukuma, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatorokea hapo, mafuta yanaonekana mengi. Dalili mbili zinazopingana ndizo zilizotuambia tutafute tundu.

Kulitafuta kwa macho ni kupoteza siku. Tulikwenda duka la vifaa vya ujenzi tukanunua kifuniko cha bomba la PVC cha inchi 3, tukakitoboa katikati, tukapachika valvu ya tairi la tubeless. Ukitoa sensa ya hewa, kifuniko kinaingia kwenye mpira wa kuingilia turbo, unakaza klipu, unaunganisha mpira wa kompresa ya vulkanaizi. Kuna tahadhari moja ambayo ikisahauliwa inaleta hasara: mpira wa kupumulia sampu unaungana na njia hiyo hiyo, kwa hiyo lazima uuzibe kwanza, la sivyo unajaza upepo ndani ya injini na kutoa sili za krenki. Na usishangae ukisikia upepo unatokea kwenye eksozi. Ni vali zilizo wazi, unazungusha krenki kidogo kwa spana unapungua.

Mwenzangu akishika bomba la kompresa, mimi na chupa ya povu la sabuni ya unga. Psi 3, vali ya chafya inatoa mapovu pembeni mwa kikalio chake. Gasketi yake ilikatwa kwenye boksi la katoni na ilikuwa imelowa oili. Psi 5, mapovu yale yale. Psi 8, tukasikia mluzi, na mpira unaotoka kwenye intakula kuingia kwenye throto ukaanza kutetemeka upande wa chini, ambako huoni mpaka uweke kioo. Tukaufungua. Mdomo wa intakula ile haukulingana na mpira uliotumika, na mtu alijazia nafasi kwa kuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akakaza klipu juu yake. Injini ikiwa sailensa kinabana vizuri kabisa. Presha ikipita psi 7 hivi, tyubu inakunjika na kufungua mdomo. Hata ungeukagua ukiwa umeuinamia injini inawaka, usingeona kitu.

Vali ya chafya ilikuwa na kosa la pili zaidi ya gasketi. Springi yake ni laini, na vekyumu ya sailensa inatosha kuifungua. Gari likisimama kwenye foleni, vali iko wazi na injini inavuta hewa kupitia pale, hewa isiyohesabiwa na isiyopita kwenye filta yoyote. Wanaoifahamu barabara ya Maweni na Pongwe wanajua vumbi jeupe la chokaa la huko. Vumbi hilo likiingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa kwenye ringi. Kompresheni ilikuwa bado nzuri, alikuwa na bahati tu. Na kila alipoachia mafuta kubadili gia, hewa iliyohesabiwa ilitemwa nje huku petroli yake ikiendelea kumwagwa. Ndiyo sababu ya kumisi na milio ya eksozi. Sauti ile ina gharama yake kwenye gari lenye sensa ya hewa, na wanaoziuza hawaitaji.

Hapa fundi mwenye haraka angemaliza. Gasketi mpya, mpira wa saizi yake, klipu nzuri, ufunguo kwa mwenyewe. Lakini nilikuwa na vitu viwili nilivyoandika pembeni: chembe za aluminiamu kwenye plagi, na lile tundu la kipimo kwenye eksozi. Mtu aliwahi kulitega gari hili, yaani kulirekebishia mafuta, akiwa na kipimo. Alitega nini?

Tulifuata waya wa sensa ya hewa kutoka injini hadi kwenye kompyuta, na nyuma ya kabati la dashibodi tukakuta kisanduku cha Kijapani kimeungwa katikati ya waya, kimefungwa kwa gundi ya umeme. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta: sensa ikisema hewa ni kiasi fulani, kisanduku kinapunguza kabla ya kupeleka. Kwenye mizunguko ya juu kilikuwa kimewekwa kupunguza asilimia 12. Mwenye gari hakujua kama kipo.

Ukichukua kalamu, hadithi yote inajipanga. Kompyuta inalenga 11.0. Tuseme hewa iliyotoroka kwenye mpira ni sehemu moja ya tano, uwiano unashuka hadi 8.8, moshi mweusi wa kutisha. Mtegaji aliona moshi, hakutafuta tundu, akapunguza hesabu ya hewa kwa asilimia 12. Gawanya 8.8 kwa 0.88, unapata 10.0, ile ile tuliyoisoma barabarani. Moshi ulipungua, akalipwa, akaondoka. Sasa ziba tundu bila kugusa kisanduku: 11.0 gawanya kwa 0.88 ni 12.5. Mafuta haba chini ya presha ya turbo.

Na ubaya wake hauishii kwenye mafuta. Kompyuta hii inatumia hesabu hiyo hiyo ya hewa kuamua taiming, yaani wakati wa plagi kutoa moto. Ikidanganywa kwamba hewa ni ndogo, inadhani injini haina mzigo mkubwa na inawahisha moto. Hapo ndipo chembe za aluminiamu zilipotoka, siku ambazo ile tyubu ya baiskeli ilibana vizuri zaidi na hewa ikaingia yote. Ongeza kwamba injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango chao haishuki oktani 96, na sisi tunajaza kilichopo kwenye pampu.

Bado skrubu ya shaba. Geji ya presha inasoma baada ya throto, tundu liko kabla ya throto. Mwenyewe alipoona geji inashuka alikaza skrubu, turbo ikasukuma zaidi ili kufidia kilichovuja, geji ikarudi psi 14, akaridhika. Ziba tundu, skrubu ikibaki pale pale, presha inayofika kwenye pistoni inaruka juu. Kule kukata ghafla alikokulalamikia kulikuwa kompyuta yenyewe ikifunga mafuta kujilinda, kwenye zile nyakati ambazo mpira ulishika.

Magari yaliyobadilishwa sana yanatofautiana na ya kiwandani hasa kwenye jambo hili. La kiwandani, ukiondoa ubovu unabaki na uzima. Hili, marekebisho ya baadaye yaliegemezwa juu ya ubovu wa mwanzo, na ukiuondoa ubovu peke yake unayaacha yaning'inie. Kwa hiyo mpangilio wa matengenezo ulikuwa na uzito kuliko matengenezo yenyewe.

Tulianza kwa kushusha. Kidhibiti cha mkono kikatolewa, mpira ukaunganishwa moja kwa moja kwenye aktueta, turbo ibaki na nguvu ya springi yake tu. Kisanduku kikatolewa, waya wa sensa ukaungwa upya kwa risasi; plagi ya sensa ilikuwa na kutu ya kijani ya hewa ya bahari, tukaisafisha. Ndipo tukaziba. Mpira wa silikoni wa kupunguza saizi, klipu pana za bolti. Vali ya kiwandani ikarudi na gasketi yake, hewa ikarudi kwenye njia yake. Themostati mpya. Plagi mpya zenye kupoa hatua moja zaidi, uwazi milimita 0.7. Bolti ya mpira wa oili wa turbo nayo tuliifungua kuangalia kama ina chujio dogo lililoziba, maana kwenye injini za Subaru chujio hilo limeua turbo nyingi. Njia ilikuwa safi. Tulirudia jaribio la kifuniko cha PVC hadi psi 15, kimya.

Kwa majaribio ya barabarani huhitaji kuvunja sheria, na barabara ya Segera ina tochi za trafiki za kutosha kukukumbusha. Gia ya pili, sekunde chache za mafuta, inatosha. Kompyuta ndogo mapajani na RomRaider, programu ya bure inayosoma kompyuta za Subaru, tukitazama uwiano, presha na kama kompyuta inarudisha taiming nyuma kwa kusikia mgongano. Uwiano 11.1. Presha psi 9 hivi. Taiming haikurudishwa. Sailensa imetulia, nyongeza ya mafuta imeshuka kutoka 17 hadi 3.

Mwenye gari alikaa kiti cha abiria. Alifurahi kwa dakika kumi hivi, kisha:

"Sasa fundi, kama tundu tumeshaziba, si turudishe ile skrubu? Mimi nilikuwa napata psi 14."

"Ulikuwa unazisoma kwenye geji, kaka. Turbo ilikuwa inasukuma zaidi ya hizo, nyingine unalisha hewa ya Muheza."

"Lakini linavuta kuliko mwanzo na presha iko chini."

"Ndiyo. Kwa sababu inafika."

Kwa nini sikumrudishia: nozeli za kiwandani zilipimiwa turbo ndogo ya kiwandani. VF kwenye psi 14 inaweza kuleta hewa kuliko petroli inayoweza kumwagwa, na hapo hakuna kisanduku cha kukuokoa. Akitaka kupanda, anunue nozeli kubwa, kisha kompyuta iandikwe upya jedwali lake la mafuta na la moto, na aliyeandika aache nakala. Alinung'unika kidogo kuhusu sauti ya chafya. Vali yake nimempa kwenye mfuko.

Yaliyobaki ni mawili. Baada ya kilomita 1,000 oili inamwagwa tena na filta inakatwa, kuona kama petroli imeacha kushuka na kama vumbi lile limeacha deni kwenye ringi. Na mpira wa kuingilia turbo, uliopita chini ya manifoldi, umeanza kukakamaa kwa joto. Leo haujapasuka, ila siku manifoldi itakapoinuliwa kwa ajili ya nozeli, unabadilishwa hapo hapo, kwa sababu kuuinulia manifoldi peke yake ni kazi ya siku nzima. Tumeyaandika hayo, pamoja na kila kilichotolewa na kilichowekwa, kwenye karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la dashibodi, pale kilipokuwa kisanduku.